Mkongwe wa Vilindini

Samaki alifumbua mdomo kwenye kioo cha simu, na maandishi yakatokea chini ya taya lake la mfupa: *Nipe jina la mtu anayekupenda.*

Fundi wa friji alicheka. Katika mchezo ule alishakusanya viumbe mia mbili na kumi, wenye mbawa, wenye pembe, wanaotema moto, na ni huyu Mkongwe wa Vilindini peke yake aliyemtoa jasho. Miezi minane alimwinda kila mapumziko ya mchana, mkono mmoja simu, mwingine kikombe. Mchezo ulipoomba ruhusa ya kuona majina yaliyomo kwenye simu yake, alibonyeza KUBALI bila kusoma, kama tunavyofanya sote.

Akachagua jina la Kipara, rafiki yake wa tangu utotoni. Samaki akameza. Jina likafutika kwenye simu, na gamba moja jeusi likageuka dhahabu.

"Huyo samaki ana sura ya mkosi," fundi mwenzake alisema akichungulia. "Achana naye."

"Wivu tu huo."

Kipara hakuwahi kupitisha siku bila kuja karakana kupiga soga. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Fundi alidhani kabanwa na kazi, akamlisha samaki jina la shangazi.

Asubuhi iliyofuata salamu za shangazi hazikuingia. Tangu baba afariki, zilikuwa hazijakosekana hata siku moja. Akapiga namba yake, anayoijua kwa kichwa. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Shangazi huwa hapokei namba ngeni, lakini hii si ngeni kwake.

Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Akajaribu kuufuta mchezo, simu ikagoma. Akajaribu kuizima, ikagoma. Mkongwe aligeuka polepole, yale macho yasiyo na kope yakamwelekea, akafumbua mdomo bila kuombwa. Jina moja likachomoka kwenye orodha, likazama tayani. *Mama.*

"Mteme!" fundi alipiga kelele. "Mteme, nasema!"

"Wee, unagombana na simu?" mwenzake aliuliza, lakini fundi alishatoka mbio, bisibisi bado mkononi.

Alikimbia akilia, hajali nani anamtazama. Asubuhi tu mama ndiye aliyemwamsha, akamsuta kwa shati lisilopigwa pasi, naye akaondoka amenuna bila hata kuaga. Kumbe alikuwa anamuuza mama yake kwa gamba la samaki! Alimwomba Mungu amchukue yeye, amwachie mama.

Akaitupa bisibisi, akaugonga mlango wa nyumbani kwao kwa viganja vyote viwili.

Ukafunguliwa. Mama alisimama pale mzima wa afya, ufagio mkononi. Nyuma yake, kwenye kochi, shangazi alikuwa anajipepea kwa gazeti.

Fundi akafuta machozi, akacheka kwa furaha.

"Shikamoo, mama! Jamani, mko hai! Mko hai!"

Mama alirudi nyuma hatua moja, akausogeza mlango ukabaki nusu.

"Marahaba, kijana," alijibu kwa upole. "Unamtafuta nani?"