Fundi Valentine

Juu ya mabati ya nyumba yake mwenyewe, Wakesho alimkuta msichana. Amevaa suruali, waya ameushika kwa meno, na chini mumewe, Mwandawiro, ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili, macho juu. Asubuhi, Wakesho akitoka kwenda kazini Voi, mumewe alimwambia tu kwamba fundi anakuja, anaitwa Valentine. Naye akadhani ni mwanamume. Mwinjilisti wa kanisa lao si ni Valentine pia, na ndevu zake zinafika kifuani?

"Karibu, mama," msichana akamwambia kutoka juu. Hebu fikiria, kukaribishwa nyumbani kwako mwenyewe!

Kazi yenyewe ilikuwa ya haki. Nyumba yao ya Chawia imejificha nyuma ya kilima, na ndani yake mtandao wa simu haujawahi kushika hata kidogo. Ukitaka kupiga simu unatembea hadi barabarani. Mwandawiro kazi yake ni kuchorea watu ramani za nyumba. Alipojenga yake alipitisha nyaya za intaneti ndani ya kuta za kila chumba, akingoja faiba ipande mlima. Faiba haikupanda, nyaya zikakaa humo bure. Sasa Valentine alikuwa akisimamisha antena ya kunasa mtandao wa simu kule juu, ashushe waya hadi kwenye kisanduku chenye laini ya simu ndani ya stoo, na kutoka hapo vyumba vyote vipate intaneti.

Haya, sawa. Lakini ni kazi gani ya waya isiyoisha? Kesho yake msichana yuko. Wiki iliyofuata yuko: mara antena igeuzwe, mara laini ibadilishwe. Wakesho, huko Voi akiwauzia watu dawa za mifugo, mawazo yako stooni. Alikuwa na wivu, tena wivu wa kumkosesha mtu hamu ya chakula, na hakuona haya kuusema.

Aliusema kwa Kaveke, mwenye saluni mkabala na duka, ambaye alikuwa akila naye kila mchana. Kaveke alikuwa rafiki wa kweli jamani, alikasirika kuliko mwenye mume. Alitaka kujua huyo msichana ni wa wapi, uzuri wake ni wa kiasi gani, hufika saa ngapi na huondoka saa ngapi. Siku aliyosikia kwamba wawili hao walishinda stooni wakifunga kisanduku, alisukuma sahani kando.

"Na ile stoo haina hata dirisha," alisema. "Dadangu, mfukuze."

Wakesho akamwomba basi apande naye Chawia wakamkabili pamoja. Kaveke akakataa kama siku zote. Katika urafiki wao wote hakuwahi kufika huko. Kona za ule mlima, alisema, humtapisha.

Wakesho akaenda peke yake. Aliomba ruhusa kazini, akaingia nyumbani mchana ule ule, akawakuta stooni kweli: Valentine amechuchumaa na bisibisi, Mwandawiro anammulikia tochi. Akayatoa yote yaliyomjaa kifuani, ya mume na ya fundi, bila kuchagua maneno. Mwandawiro aliishusha tochi. Aliyejibu ni msichana, polepole, akijifuta mikono.

"Mama, mimi kazi nimemaliza leo. Njoo nikuonyeshe kubadilisha paswadi ya Wi-Fi. Weka yako, hata mimi nisiijue, na simu yangu isiweze kuingia tena hapa."

Akaonyeshwa, akabadilisha mwenyewe, Valentine ameuelekeza uso ukutani. Kwa hasira aliyokuwa nayo aliandika *achananamumewangu*, maneno yote yameshikana. Jioni akamwambia Mwandawiro peke yake, herufi moja moja, akimkazia macho. Mwandawiro akaiandika kwenye simu yake bila kucheka.

Valentine hakuonekana tena. Miezi ikapita, usingizi ukarudi, na Wakesho akaanza kujionea aibu. Binti wa watu alikuja kutafuta riziki yake, akatukanwa ndani ya stoo! Alimtafuta mjini, akamwomba msamaha, wakaagana wakicheka. Na Mwandawiro naye siku hizi alikuwa mchangamfu, anapiga mluzi akichora, hana kinyongo chochote.

Akabaki Kaveke. Wakesho aliona si haki kumwacha mtu aliyembebea mzigo ule hivi hivi, bila hata kumpikia. Akamng'ang'ania mpaka akakubali. Jumapili baada ya ibada wakapanda mlima, Kaveke amefumba macho kila kona, leso mdomoni. Wakesho alimwonea huruma, akamshika mkono njia nzima.

Mwandawiro aliwapokea mlangoni, shati limepigwa pasi.

"Karibu Chawia, shemeji," alisema. "Ndiyo mara yako ya kwanza huku?"

"Ya kwanza kabisa," Kaveke akajibu. "Kumbe kwenu ni kuzuri hivi."

Akaketi, akaweka mkoba kando. Wakesho alikuwa hata hajafika jikoni simu ya Kaveke ilipoanza kulia mkobani, ujumbe wa WhatsApp juu ya ujumbe, wateja wote waliomkosa tangu waiache barabara. Kaveke akaitoa, akaanza kuwajibu mmoja mmoja.

Wakesho alikuwa bado hajampa paswadi.