Tiketi za Msimu wa Mvua

Haraka haraka ina baraka zake, alijisemea fundi mdogo, kidole gumba kikiwa kimesimama juu ya neno "Lipa".

Miaka minne yeye na dada yake walipanga kwenda kisiwani, wakaone milango ya nakshi na kusikia Kiswahili kikisemwa kama kinaimbwa. Kila mwaka dada alisema, "Mwakani, mdogo wangu." Sasa kampuni ya meli ilikuwa imeshusha nauli kwa nusu kwa sababu ya mvua, na ofa ilikuwa inaisha saa sita mchana.

Akabonyeza. Simu ikagoma, maana kidole kilijaa chaki ya kukatia nguo. Akakilamba, akakifuta kwenye sketi, akabonyeza tena kama anayeua kunguni.

Tiketi mbili zikaingia.

"Dada! Tunakwenda!" Alipiga kelele mpaka cherehani ya dada ikasimama.

"Tunakwenda wapi? Na tutalala wapi, juu ya mnazi?"

"Kisiwani, tiketi za ofa nimeshanunua! Kuna mama huko mwenye nyumba ya wageni anataka mapazia. Tunamshonea, anatulaza bure siku tano."

"Yaani nitoke kwenye cherehani, nikapumzike kwenye cherehani?"

"Asubuhi tu! Mchana kutwa ni bahari."

"Na mvua! Umenunua bila kuniuliza, na tiketi zenyewe hazirudishwi." Dada alikunja uso, lakini mkono wake ulishaivuta futi kamba shingoni. "Niombe radhi, mshenzi wee. Halafu uniambie hayo madirisha ni mangapi."

"Madirisha ni tisa," alisema fundi mdogo. "Radhi siombi."