Taa ya Kijani

Tangu runinga zianze kubashiri zenyewe ni nyumba gani itakayotazamwa na nchi nzima msimu ujao, Mwajabu hakuwa na raha. Msimu uliopita taa ya kijani, alama ya nyumba iliyochaguliwa, iliwaka mlangoni kwa jirani yake, Mama Shukuru, na kabla mwezi haujaisha mumewe akahama na nguo zake. Sasa Mama Shukuru akienda sokoni watu wanampisha njia, na waliomwona akilia runingani wanamletea vitenge.

“Kulia nako ni kipaji?” Mwajabu alimwambia mumewe, Idrisa, huku akimmenyea chungwa. “Mimi nina kasoro gani?”

Idrisa akacheka. “Sisi tunapendana, mke wangu. Nani atatutazama?”

Jumamosi jioni, akitoka kuanua nguo zao uani, Mwajabu aliikuta taa ya kijani inawaka mlangoni kwake. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kumpongeza. Mama Shukuru peke yake hakumpongeza. Alimshika mkono, akamuuliza polepole:

“Idrisa yuko wapi?”

Hapo ndipo Mwajabu alipozitazama nguo alizozikumbatia. Hapakuwa na shati hata moja la Idrisa.