Mchafu wa Nyumba

Fundi alikuwa amesimama uwani na kaptula tu, povu la sabuni mpaka masikioni, akimwomba mkewe amrushie taulo kupitia dirishani.

"Umesugua kucha?" mkewe akauliza.

"Nimezisugua. Nikiendelea nitafika kwenye mfupa."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi!" jirani wa ghorofani akapiga kelele.

"Ndiyo maana nimezivua!"

Jirani alikuwa ameshambatiza Bwana Sabuni, na Fundi alilipenda jina hilo. Miaka yote ya kupaka magari rangi hakuna aliyewahi kumsingizia usafi.

Yalianzia kliniki. Muuguzi alisoma majibu ya damu ya mkewe, akasema madini ya risasi yamezidi, na kwamba sumu hiyo haiishii kwa mama, inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa mnono na mzuri, kisha akachelewa kuongea, akapata taabu kushika masomo.

"Inatoka wapi?" mkewe akauliza.

"Mara nyingi kwenye rangi," muuguzi akasema. Alitazama mikono ya Fundi, iliyokuwa ya bluu mpaka viwikoni, naye Fundi akaificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hata mimi nilichelewa kuongea," akajaribu kutania. "Na tangu nianze sijanyamaza."

Moyoni Fundi aliogopa sana. Mtoto huyo walikuwa wamemsubiri mpaka ndugu wakachoka kuuliza, na sasa baba mtu ndiye sumu.

Basi akajitangazia vita. Nguo za kazi zikabaki gereji. Manukato, dawa ya mbu na mabakuli ya plastiki vikaenda jalalani, pamoja na jagi la shangazi ambalo siku zote alikuwa akilitafutia sababu. Hata kijiko kimoja cha chai kilipotea katika pilikapilika hizo, na Fundi akakiri kwamba huenda alikitupa mwenyewe. Tabia ya unga wa rangi aliijua: ukikwangua rangi, lazima unga uanguke mahali, haupotei hewani. Akautafuta kwenye soksi, puani, na ndani ya masikio.

Mkewe hakumbishia lolote. Alikataa jambo moja tu, kitanda kisisogezwe.

"Cha mtoto tutakiweka wapi sasa?"

"Tutaona, mume wangu. Nimezoea kulala upande wa ukutani, kunanipoza."

Fundi hakumlaumu, hata yeye alizipenda kuta zile. Nyumba ilikuwa ya babu yake, na kuta zilikuwa bado na rangi ya kijani aliyoipaka mzee kwa mkono wake. "Hiyo ndiyo rangi," Fundi alipenda kuwaambia wageni. "Siku hizi wanatuuzia maji."

Tena mkewe alikuwa ameshateseka vya kutosha. Miezi ya mwanzo mimba ilimsumbua kwa kutamani vitu. Fundi alileta ndimu, akaleta barafu, akaleta mkate ulioungua. Mkewe alionja, akasukuma.

"Nataka kitu kikavu," alisema. "Kinachonukia kama vumbi likipigwa na mvua ya kwanza."

"Hicho hakiuzwi dukani, mama."

Baadaye hamu ikaisha yenyewe, na Fundi akamshukuru Mungu kwa hilo dogo.

Damu ilipopimwa tena, sumu ilikuwa imepanda. Muuguzi aliitazama tena mikono ya Fundi. Siku hiyohiyo Fundi akahamia gereji, akawa analala siti ya nyuma ya gari la mteja, miguu nje ya dirisha. Wapo wanaume wanaofukuzwa na wake zao, alijiambia, lakini yeye alikuwa amejifukuza mwenyewe, na mto akaubeba.

Wakapima tena. Ilikuwa imepanda zaidi.

Mkewe alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. "Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini? Mchafu wa nyumba ni mimi."

Mkewe akageuka kutazama barabara.

Jumamosi mkewe alikwenda kwa dada yake. Fundi akaoga, akavaa glavu na barakoa, akajipenyeza nyumbani kwake kama mwizi ili amtandikie mtoto kitanda, mama mtu akirudi akikute tayari. Akakishika kile kikubwa, akakivuta kutoka ukutani.

Nyuma yake, chini ya usawa wa godoro, rangi ya babu ilikuwa imekwanguliwa, kuanzia penye mto mpaka penye magoti, hadi kwenye lipu. Kingo zilinyooka. Ilikuwa kazi safi, yeye mwenyewe asingeifanya vizuri zaidi. Kwa mazoea ya kazi Fundi akainama kutafuta unga ulikoangukia.

Sakafuni hapakuwa na hata chembe. Palikuwa na kijiko cha chai, kimelambwa hadi kinang'aa.