Jaribio la Duka la Sanda

Siku hizi ukiagiza kitu mtandaoni, mtaa mzima huarifiwa kabla hujafunga ukurasa. Ndiyo maana Saumu alipofika kwake adhuhuri alikuta mikeka imetandikwa barazani na majirani wamejitanda kanga.

"Nani amefariki?"

"Tukuulize wewe," alisema mama mkwe wake, Bi Hidaya. "Si wewe uliyeagiza sanda asubuhi?"

Saumu akashika kichwa. Kazi yake ni kukagua kama vifuatiliaji vya matangazo kwenye tovuti za maduka vinanasa kila mbofyo. Leo ilikuwa zamu ya duka la sanda, naye alisahau kujitambulisha kama mkaguzi.

"Lilikuwa jaribio tu, mama! Hata urefu sikujaza."

Jirani akamwonyesha simu. Urefu ulikuwepo: sentimita mia na hamsini na mbili.

"Basi kifuatiliaji kimejaza chenyewe," jirani alinong'ona. "Kinajua nani atahitaji nini, na hakijawahi kukosea."

Saumu hakuelewa. Yeye ni mrefu kuliko hapo, na mumewe zaidi. Alipoinua macho, Bi Hidaya alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kiganja juu ya utosi, akijipima.