Uzito wa Fundi Saa

"Shika shingo," alisema, na mumewe akamkumbatia. Akavuta pumzi, akamnyanyua kutoka kitandani, akamzungusha, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Kisha akageukia ukuta, mkono mmoja chini ya tumbo, akisubiri kile kitu kirudi ndani.

Hakikurudi. Siku hizi kilikuwa na kiburi.

"Leo tumecheza vizuri," mumewe alisema nyuma yake. "Ila mwenzangu umeiacha ngoma njiani."

"Hebu nyamaza wewe."

Lakini alicheka. Mzee alijua kumchekesha tangu enzi za kibanda chake cha kutengeneza saa. Kiharusi kilimchukua miguu, mdomo kikamwachia. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kumnyoosha alisema miguu hiyo ina matumaini. Mzee akamtimua, eti hataki kudanganywa na mtoto wa juzi. Msaidizi wa kuajiriwa naye hakumaliza wiki, maana mzee hakutaka kushikwa na mgeni. Basi kazi yote ikamwangukia mkewe, mshonaji wa sare za shule, bibi wa wajukuu, aliyezaa watoto wanne kwa njia ya kawaida, kila mmoja na kichwa chake kikubwa.

Ndipo kibofu kikashuka. Kilianza kama uzito tu, kana kwamba amekalia kitunguu. Sasa akikohoa mkojo unamtoka, na akiinuka kwenye cherehani kitu laini kinachungulia. Alijishonea vitambaa vya kujikinga kutokana na masalia ya sare, akavianika chini ya mashuka ili majirani wasivione. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Umri wote ule hakuwahi kuuogopa mwili wake mwenyewe.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alianza na mazoezi ya kubana misuli ya chini. Akayafanya huku akishona. Kisha akawekewa pete ya mpira ya kukishikilia kibofu. Ilidumu mpaka alipomnyanyua mzee, ikachomoka. Akapewa kubwa zaidi, nayo ikachomoka vilevile.

"Nyumbani unanyanyua nini kizito hivyo?" daktari aliuliza.

"Mume wangu."

Daktari alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Ulibaki upasuaji. Kibofu kingerudishwa mahali pake na kushikizwa kwa nyuzi. "Lakini nikishakushona, ukirudi kumbeba, nyuzi zitaachia," daktari alisema. "Wewe ni mshonaji. Unanielewa." Alimwelewa kuliko alivyotaka, akapangiwa tarehe.

Jumapili bintiye mkubwa alikuja na suluhisho lake: baba apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akae huko mpaka mama apone. "Mama, na wewe ni mtu," alisema, kwa sauti ya chini, ila si ya chini vya kutosha.

Mzee alisikia. Hakufoka kama kawaida yake. Alilala chali akalia, machozi yakimteremkia masikioni. "Nipelekeni," alisema. "Nimeshakuwa mzigo. Mzigo hauulizwi unakwenda wapi."

Binti alipotaka kuendelea, mama yake alimkata kwa jicho.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, baada ya kumkalisha kitini, kumnywesha chai na kumlaza tena, alijifunga vizuri akachukua mkoba.

"Utarudi saa ngapi?" mzee aliuliza. Aliuliza hivyo kila mkewe alipotoka, ajue aubane mkojo mpaka lini, na kila mara swali hilo lilimtia mkewe huruma.

"Saa nane hivi. Si unaijua foleni ya hospitali."

Foleni hakuikaa. Alimkuta daktari koridoni, akasema upesi kabla moyo haujamgeuka: "Ile nafasi yangu ya upasuaji, mpe mwingine."

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria. Yule hana mtu isipokuwa mimi."

"Na wewe una nani?"

Akageuka akatoka. Njia nzima alilia bila kujificha, mama mzima, watu wakimpisha. Hakujuta. Alikuwa amekata shauri: atabeba, na siku kibofu kitakapotoka chote, kitoke.

Alipofika karibu na nyumbani mkojo ukamshika. Hakuthubutu kusimama mlangoni kutafuta funguo. Akazunguka nyuma mbio za kizee, mapaja yamebanwa, hadi choo cha uani. Aliwahi nusu. Alipotoka, akikung'uta gauni lililolowa, akapita kwenye dirisha la jikoni.

Mumewe alikuwa jikoni. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, akishusha kopo la sukari kutoka rafu ya juu huku akipiga mluzi. Akatia sukari kwenye kikombe, akakoroga, akaonja, akavuka kwenda kuzima jiko, hatua za mtu aliyeizoea njia.

Mkewe alirudi mbele ya nyumba polepole, akishika ukuta. Akatoa funguo, akazitikisa kwa nguvu kwenye kitasa, akangoja.

Ndani, nyayo zilikimbia. Kitanda kikalia.

"Ni wewe, mke wangu?" sauti ya mgonjwa ikaita. "Mbona umewahi hivyo? Njoo uninyanyue."