Ua la Majabalini

Lilikuwa limekunjwa ndani ya kitambaa cha karatasi, limekauka, na Harith alilitambua kabla hajavaa miwani.

"Haya, bingwa wa majani," alisema Bi Sheikha, akitua bakuli la visheti mezani bila kulifunua. "Hili laota wapi?"

Harith alivaa miwani hata hivyo. Alishika lenzi akainama, kama atazamaye kitu kigeni. Petali za waridi, moyo wa manjano, majani yenye manyoya. Lilifanana na maua ya deizi ya bustani za hapa Kilburn, ila deizi haziishi katika nyufa za majabali ya jangwani, na hili haliishi kwingine.

Alikuwa amelipigia magoti siku ile ile aliyomwacha Talib, mdogo wake Bi Sheikha, chini ya genge, mguu umevunjika, na galoni moja la maji. Aliapa kurudi na watu. Lakini bonde lile walilopenya kutafuta mimea lilikuwa eneo lililokatazwa. Kuomba msaada kulikuwa kujipeleka gerezani. Hakurudi.

Nyumbani alisema homa, hospitali, kaburi huko huko. Waislamu hawacheleweshi maziko, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, ilisaliwa, naye Harith akasimama safu ya mbele. Ilikuwa mwaka jana, 1996.

"Limetoka mkobani mwa marehemu?" aliuliza. Mkoba ule aliupekua mwenyewe kabla ya kuukabidhi.

"Limetoka kwa Talib."

Honi ililia barabarani.

"Aliyenileta hana subira," alisema Bi Sheikha. "Sema, kaka."

Akilitaja bonde, itambidi amtaje na aliyebaki bondeni. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alitamani kusema kweli. Akaiweka lenzi mezani.

"Ni ua la bustani. Hata madukani Queensbury yanauzwa, kwenye vyungu."

"Una hakika?"

"Wallahi." Hakuwahi kuviamini viapo, alishangaa hiki kilivyomtoka kwa wepesi.

Bi Sheikha alilikunja ua, akachukua na bakuli lake. Mlangoni aligeuka.

"Talib yumo garini. Kaniambia, 'Akilitaja bonde tu, nipungie dirishani. Nitapanda ngazi hivyo hivyo na mguu wangu, nimwambie nimemsamehe.'"